Mlimani na nzi bandia: vifaa viwili viwili, saa mbaya ikifika

Mvuvi wa nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, akipanga safari ya mlimani hupenda kulinganisha vifaa vyake vikiwa vikavu, mezani, chini ya taa. Koti hili lina gramu ngapi, suruali ile inapumua vipi, fimbo ipi inatupa mbali. Ukifika mlimani mizani hiyo haina kazi. Saa tatu asubuhi utakuwa na shati tu. Saa tisa alasiri umesimama ndani ya maji hadi magotini, mvua ya mawe inakupiga mabega, upepo umegeuka na vidole havisikii. Saa hiyo ya pili ndiyo yenye haki ya kuchagua vifaa. Kwa hiyo nimeviweka hapa viwili viwili, mara nyingine vitatu, na kila kimoja nimekiuliza swali lile lile: kikilowa, au kikishindwa kazi, kitaniacha katika hali gani?

Kuna hesabu chache za kubeba kichwani kabla ya kufunga begi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Utabiri wa mji ulio mita 800 ukisema nyuzi 20, kwenye kijito kilicho mita 2,300 tarajia kama 10, na hapo hatujaongeza wingu wala upepo. Upepo nao una ushuru wake: nyuzi 5 zikichanganywa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huzihisi kama sifuri. Juu ya hayo, maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana mtu hupoteza joto la mwili hata siku isiyo na barafu popote. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mwili umeshaingia hatarini. Dalili huanza kwa kutetemeka, kisha vidole kuwa vizito, miguu kujikwaa na ulimi kuburuta maneno. Mwenyewe huwa wa mwisho kujua, kwa hiyo mwangalie mwenzako naye akuangalie.

Ya kugusa ngozi: sufu, poliesta au pamba

Pamba naitoa mapema. Ni nzuri nyumbani. Ikilowa hushika maji, hunata mwilini, na hukauka wakati inapotaka yenyewe. Kitambaa cha pamba cha kufutia miwani, sawa. Shati la kuvulia mlimani, hapana, na suruali ya jinzi ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa unene wake wote hugeuka ndoo.

Ushindani wa kweli uko kati ya sufu nyembamba na poliesta. Nyuzi za poliesta hunyonya maji kidogo sana, chini ya asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo ukilikamua shati na kulivaa tena linaweza kukauka mwilini huku ukitembea. Sufu hunyonya unyevu ndani ya nyuzi zake, hadi kama asilimia 30 ya uzito wake, bila ngozi kuhisi imelowa. Inakawia kukauka, lakini muda wote huo wa kukawia inaendelea kukupa joto, na baridi yake haikushtukizi. Poliesta huharakisha mambo yote mawili: hukauka haraka, na ikiwa mbichi kwenye upepo hupoza haraka.

Chaguo linategemea unavuaje. Kama siku yako ni kupanda na kushuka, dimbwi hadi dimbwi, jasho na kupumzika, poliesta inakufaa. Kama ni mtu wa kusimama mahali pamoja saa nzima ukingojea samaki apande juu, chukua sufu. Mimi husimama sana, na nimekuwa mtu wa sufu kwa sababu hiyo pamoja na nyingine isiyo ya kisayansi: siku ya tatu, shati la poliesta halivumiliki ndani ya hema dogo.

Ya joto: manyoya ya bata au nyuzi za kiwandani

Likiwa kavu, koti la manyoya laini ya bata halina mpinzani. Hujikunja likawa kama embe na hutoa joto kubwa kwa uzito mdogo. Lakini joto lake ni hewa iliyonaswa kati ya manyoya, na manyoya yakilowa hushikana madonge, hewa ikatoka, ukabaki na mfuko wa nailoni wenye maji. Koti la nyuzi za kiwandani ni zito zaidi na hujaza begi, ila likilowa hubaki na sehemu ya unene wake, na ukilikamua linarudi kazini.

Mpanda mlima wa nchi kavu anaweza kubishana na hili, na pengine yeye yuko sahihi kwa safari yake. Mvuvi hana mjadala. Wewe unaingia mtoni kwa hiari yako. Kuteleza si ajali ya kubahatisha. Ni jambo la msimu huu au ule. Koti la kuvaa ukivua liwe la nyuzi za kiwandani. Kama unalo la bata, litie ndani ya mfuko usiopitisha maji na lisitoke humo mpaka umeingia hemani.

Ya mvua: koti la utando, koti la mpira, au poncho

Makoti mengi mazuri ya mvua leo yana utando mwembamba katikati. Utando uliofungua njia ulianzia Marekani mwaka 1969, pale Bob Gore alipogundua kwamba plastiki iitwayo PTFE ikivutwa kwa ghafla hutanuka na kujaa vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la maji lakini kuruhusu mvuke wa jasho kupita. Wauzaji huishia hapo. Wasichokisema kwa sauti ni kwamba mvuke hutoka tu ikiwa nje ni pakavu au pana baridi kuliko ndani. Mvua ya vuguvugu ikijaza bonde zima unyevu, jasho lako halina pa kwenda. Tena kitambaa cha juu hupakwa dawa ya kufukuza maji. Dawa hiyo ikichakaa, kitambaa hunywa maji, koti linakuwa zito na kupumua kunakoma. Watu husema "koti langu linavuja" kumbe ni jasho lao wenyewe. Kulifua kwa sabuni inayolifaa na kulipasha moto kidogo, kama kibandiko cha ndani kinavyoelekeza, mara nyingi hurudisha hali.

Koti la mpira au plastiki nene halidai kupumua. Halivuji kamwe na halihitaji matunzo. Kwa mtu wa kutembea milima ni sauna, lakini kwa mvuvi aliyesimama ukingoni kwenye mvua ya siku nzima si wazo baya hata kidogo. Kasoro yake ni pale jua linaporudi: huwezi kulivaa, na kulibeba ni mzigo.

Poncho, shuka la mvua lenye tundu la kichwa, hufunika begi na mtu kwa pamoja, hupitisha hewa, na usiku inaweza kuwa paa. Njiani naipenda. Mtoni naikataza. Upepo huigeuza tanga, mshipi hunasa kwenye pindo zake kila unapotupa, na ukianguka kwenye mkondo inakufunika kichwa. Kati ya hivi vitatu ndicho pekee ambacho kikishindwa kinaweza kukuzamisha.

Kwa hiyo: koti la utando, fupi, lisilozidi kiuno sana ili pindo lisiogelee, lenye kofia inayogeuka pamoja na kichwa na mikono inayobana kwenye kifundo cha mkono. Hicho cha mwisho watu hukidharau. Ukiinua mkono kutupa mshipi mvua inatelemka hadi kwapani, na baada ya saa moja koti bora kabisa limekulowesha kutokea ndani.

Miguuni: hapa ndipo pa kufikiri zaidi

Suruali ya majini ninayoizungumzia ni ile ndefu isiyoingiza maji, inayofika kifuani na kushikwa na mikanda ya mabega. Zipo za aina mbili, ya utando na ya neoprini (mpira laini wenye vipovu ndani), na chaguo la tatu ni kutovaa kabisa.

| | Ya utando | Ya neoprini (milimita 3 hadi 5) | Kuingia na kaptula |
|---|---|---|---|
| Kutembea kupanda kijito | Vizuri | Jasho jingi | Vizuri sana |
| Kusimama kwenye maji ya theluji | Sawa, ukivaa suruali nene ndani | Joto bila nyongeza | Dakika chache tu |
| Mvua ikianza | Nusu ya mwili iko salama | Nusu ya mwili iko salama | Huna kinga |
| Ikichanika | Inaingiza maji, baridi mara moja | Inaingiza maji, joto kiasi linabaki | Hakuna cha kuchanika |
| Begini | Ndogo | Kubwa, nzito ikilowa | Hakuna mzigo |

Kwa hali ya hewa isiyo na msimamo, ya utando inashinda kwa sababu moja ambayo haionekani kwenye jedwali: unaweza kubadilisha joto lake. Asubuhi yenye baridi unavaa suruali ya sufu ndani, mchana unaivua. Neoprini ina joto moja tu, lile iliyozaliwa nalo. Naiona inafaa pale unapoendesha gari hadi ukingoni na kuvua mahali pamoja wakati wa baridi.

Kaptula ni raha ya kiangazi, na sitaki kuwaharibia watu raha. Ila masharti yake mawili yawe pamoja: maji yasiwe ya kuyeyuka kwa theluji, na begini iwepo suruali kavu ndefu. Jua likijificha nyuma ya ukingo wa mlima, bonde linapoa ndani ya dakika, na mtu mwenye kaptula iliyolowa anaanza safari ya kurudi akiwa ameshachelewa.

Mkanda wa kiunoni juu ya suruali ya majini hauna mbadala wa kuulinganisha nao. Ufunge. Inasemwa sana kwamba suruali ikijaa maji humvuta mtu chini. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta. Shida ni mkondo kukushika kama mfuko, na kushindwa kupanda ukingoni ukiwa na lita nyingi miguuni. Mkanda huzuia maji kuingia kwa wingi na hubakiza hewa.

Soli nazo zina upande wa hali ya hewa. Felti, kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa, hushika vizuri mwamba wenye utelezi, lakini ukitembea kwenye theluji mpya hukusanya madonge hadi unatembea kwenye visigino vya barafu, na kwenye nyasi mbichi za mteremko huteleza. Pia hubakia na unyevu siku nyingi na kubeba vijidudu na mwani wa mto mmoja hadi mwingine; New Zealand iliipiga marufuku mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Soli ya mpira yenye misumari ni duni kidogo kuliko felti majini na bora kuliko felti kila mahali pengine. Mlimani "kila mahali pengine" ndiko unakopita zaidi.

Mapema au jioni

Kitabu chochote cha uvuvi kitakuambia jioni ndiyo saa ya samaki. Mlima una ratiba yake. Jua hupasha miteremko, hewa hupanda, mawingu huvimba tangu kabla ya saa sita, na radi za kiangazi hupenda kuja mchana hadi jioni. Mito inayolishwa na theluji au barafu nayo hujaa jioni, baada ya jua kuyeyusha siku nzima, na huwa chini kabisa alfajiri. Kijito ulichokivuka asubuhi maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu kinaweza kukukatalia kurudi saa kumi na moja jioni bila hata tone la mvua kunyesha.

Upepo pia. Usiku hewa baridi hushuka bondeni. Mchana hewa ya joto hupanda. Anayevua akielekea juu ya mto atapata upepo usoni alfajiri na mgongoni mchana. Mgongoni mshipi unaruka wenyewe. Hiyo ndiyo sababu pekee nzuri ya kuchelewa, na haitoshi. Ningeamka mapema, nivumilie upepo mdogo wa usoni, na saa sita na nusu niwe tayari na njia ya kurudi isiyovuka maji. Jioni nzuri ivuliwe karibu na kambi.

Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, kilomita kama 10, acha kuvua. Fimbo za siku hizi ni za nyuzi za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Umesimama majini ukiwa umeinua mlingoti wa mita mbili na nusu. Ilaze chini na uondoke. Usijifiche chini ya mti uliojitenga wala kwenye pango fupi la mwamba. Shuka kutoka kwenye ukingo wa mlima, tafuta msitu wenye miti ya urefu unaolingana au gari lenye paa la chuma, na mkiwa wengi mwachane nafasi. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa hiyo ni ndefu kweli kweli samaki wakiwa wanarukaruka mbele yako.

Utabiri, macho, au kipimo cha hewa

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Naona waliisema wakiwa mahali penye upeo mpana. Ndani ya bonde unaona kipande cha anga tu, na wingu linaweza kukufikia likiwa limeshakomaa upande wa pili wa ukingo. Macho peke yake hayatoshi.

Utabiri wa simu nao hugawa dunia vipande vipande. Ule wa kituo cha Ulaya, ECMWF, umetumia vipande vya takriban kilomita 9 tangu mwaka 2016. Ndani ya kipande kimoja kama hicho kunaweza kuwa na kilele, mabonde mawili na kijito chako, vyote vimepewa wastani mmoja. Utabiri hukuambia vizuri kama siku tatu zijazo zitakuwa za vurugu au za utulivu. Haukuambii kama saa nane mvua itapiga kwako au kwa jirani. Na simu nyingi hupoteza mtandao palepale unapoingia bondeni.

Cha tatu ni saa ya mkononi yenye altimita (kipimo cha kimo), ambayo kwa kweli ni barometa (kipimo cha shinikizo la hewa) iliyovaa nguo nyingine. Ukilala mahali pamoja na asubuhi ikasema umepanda mita 40, hujapanda. Hewa imepungua shinikizo kwa kama hektopaskali 4, na hali inaharibika. Haihitaji mtandao. Lakini radi ya mchana inayozaliwa palepale mlimani mara nyingi haitangulizi dalili yoyote kwenye barometa.

Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua utabiri kabla ya kutoka na macho ukishafika. Barometa ni ya safari za kulala nje. Kuna dalili nne ambazo sizibishii: duara kuzunguka jua likifuatiwa na utando wa mawingu unaonenepa, mawingu ya asubuhi yanayokua kwa urefu kuliko upana, mto kubadili rangi au sauti, na majani na vijiti kuanza kuelea mahali ambapo maji yalikuwa safi. Hizo mbili za mwisho zina maana kwamba mvua imenyesha sehemu ya juu ya mto, hata kama ulipo pana jua. Toka majini upande ule ulio na njia ya kurudi.

Fimbo na kisanduku cha nzi

Fimbo ya namba 4 (namba hupanda kadiri mshipi wake unavyokuwa mzito) ni tamu kwenye kijito kidogo. Ya namba 6 inakata upepo. Kwa safari moja yenye kila kitu, beba ya 5 na ukipigwa na upepo fupisha uzi mwembamba wa mbele, tupa ukiwa umelaza fimbo ubavuni, na uchague nzi mzito kiasi.

Kisanduku nacho kigawe kwa anga badala ya kwa mto. Upande mmoja wa siku ya jua na upepo: panzi, siafu na mbawakawa bandia, kwa kuwa upepo huwaangusha walio hai kutoka kwenye nyasi. Upande wa pili wa siku ya wingu na manyunyu: nzi wadogo wa rangi ya zeituni wanaomwiga Baetis, mdudu wa majini anayependa kuibuka siku hizo mbichi na hukawia juu ya maji kabla ya kuruka. Hii ndiyo zawadi ya hali mbaya ya hewa. Mvua nyepesi isiyo na radi inaweza kukupa saa mbili bora za mwaka, mradi umevaa kwa ajili yake. Jua kali upande wake huleta shida: maji yakipita nyuzi 20 trauti, samaki wa mito baridi, hupungukiwa na oksijeni, na kumchosha kwenye mshipi hata ukimwachia ni kumuua polepole. Pima kwa kipimajoto kabla ya kutupa.

Funga nzi kadhaa kwenye nyuzi zake ukiwa bado kambini. Vidole vilivyokufa ganzi havifungi fundo, na glavu zisizo na ncha za vidole husaidia nusu tu. Usisahau jua nalo: mionzi yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, hata penye wingu jembamba.

Kinachobaki ni mpangilio wa begi. Chini kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa, soksi kavu, shati la sufu na kofia, ambavyo havivaliwi mtoni hata upate kishawishi gani. Mwaka mmoja nilivivaa mapema kwa sababu nilisikia baridi kidogo, nikateleza dakika kumi baadaye, na nilitembea saa mbili na nusu kurudi nikiwa sina kitu kikavu. Juu kabisa liwe koti la mvua, ulitoe kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika fimbo.